Meli Inapolala

"Sikuulizi habari za ua wako, Mwamvita. Nakuuliza huyo mtu uliyemkalisha humo. Kwa nini kiti chake kimeelekea mlango wangu?"

"Kiti changu, ua wangu, mgeni wangu. Nikitaka atazame Moshi, atatazama Moshi."

"Basi mgeuze atazame Moshi."

"Mama Eli, jua la saa hizi liko upande wa Moshi. Unataka mgeni wa watu aungue uso?"

"Uso wake ulishazoea jua la Mombasa. Halitamfanya kitu."

Mama Eli, mama yangu, alikuwa amesimama upande wetu wa ua wa minyaa, amejifunga kibwebwe. Mwamvita alikuwa upande wa pili, ameshika mwiko, maana ugomvi ulimkuta akipika wali wa madereva, naye hakuwa mtu wa kuacha kimoja kwa ajili ya kingine. Nimewajua wakigombana hivyo tangu nikiwa msichana wa shule. Leo maji ya bomba, kesho kuku, keshokutwa mtoto wa nani kampiga mtoto wa nani. Asubuhi wanatoleana maneno, jioni mmoja anaomba chumvi kwa mwenzake. Mtaa wetu wa Same ulishawazoea. Wakianza, watu walisogeza vigoda.

Mimi nilikuwa ndani, nimekaa chini katikati ya miguu ya binamu yangu Ernesta, nasukwa. Kichwa upande mmoja kilikuwa tayari, upande wa pili nywele zimesimama. Niliposikia neno Mombasa, shingo ilikwenda yenyewe.

"Tulia," Ernesta akasema. "Nitakuchora mstari uende mpaka sikioni."

"Umesikia alichosema mama?"

"Nimesikia. Na wewe umesikia. Tulia."

Nilitulia vipi? Neno hilo lilikuwa halitajwi kwetu. Niliinuka na kitana kikining'inia kichwani, nikachungulia kwenye mwanya wa dirisha.

Alikuwa Linus.

Amekaa kwenye kiti cha kamba cha Mwamvita, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Alikuwa amepata mwili kidogo mabegani, na uso umechoka. Shati lake lilikuwa jeupe, na mkunjo wa pasi kwenye mkono wa shati ulinyooka kama umechorwa kwa rula. Ule mkunjo niliujua. Hakuna mtu mwingine Same nzima aliyekuwa anapiga pasi vile.

Mnaoikumbuka Same ya miaka ile mtakumbuka kile kibanda cha mabati kando ya gesti, pale stendi. Ndani mlikuwa na meza moja, blanketi kuukuu juu yake, na pasi ya mkaa. Hapo ndipo Linus alipokuwa dobi. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, akawa manamba, akazeeka manamba, akazikwa na manamba wenzake pembeni ya shamba. Linus hakuwa na mlima wa kurudi. Sisi tulikuwa nao: nyumba ya bibi kule Mbaga, migomba, makaburi ya wazee, benchi letu kanisani. Huo ndio mlima uliokuwa kati yetu sisi wawili, na mama hakuchoka kunionyesha kilele chake.

Nilimpelekea majoho ya kwaya. Ilikuwa ile miaka ya shida, sabuni tunaisikia kwa jina. Watu walifulia majivu, walifulia majani ya mpapai, na Linus aliyajua majani yote yanayotoa povu. Majoho yalirudi meupe mpaka mchungaji akauliza ni nani kati yetu ana ndugu mwenye duka.

"Kola yako nimeirudia mara mbili," aliniambia, hanitazami, anatazama mkaa.

"Kwa nini yangu?"

"Si wewe unasimama mstari wa mbele?"

Nilikuwa nimefika nusu ya njia kurudi nyumbani ndipo nikajiuliza. Linus alikuwa Mkatoliki. Kanisani kwetu hajawahi kutia mguu. Alijuaje nasimama mstari gani?

Jumapili iliyofuata niliimba nikitazama madirisha.

Ndivyo ilivyoanza. Ilikuwa ya kuangaliana tu na maneno machache juu ya mvuke wa pasi, na kila mwezi kwaya yetu ilichafuka kuliko kwaya zote za dayosisi. Halafu mambo yakafunguka. Mpaka wa Taveta ukafunguliwa, mitumba ikamwagwa chini sokoni, sabuni zikarudi za kila rangi na kila harufu. Tulifurahi sana. Hatukujua kwamba mtu mwenye sabuni hamhitaji dobi. Kibanda cha Linus kikapoa. Akavuka kwenda Mombasa, akapata kazi kwenye meli ya watalii, yale majumba meupe yanayotembea baharini na wazee wa Kizungu waliostaafu. Kazi ilikuwa ileile, kufua na kupiga pasi.

"Meli ikifunga Mombasa kwa matengenezo," aliniambia siku ya kuondoka, "nitakuja na mzee wa kunisemea. Nitaingia kwenu kwa mlango wa mbele."

Nikangoja. Siku zile hakukuwa na simu ya kupunguza kungoja. Salamu zilipanda malori. Hezroni, dereva wa lori la vitunguu, alishuka siku moja pale kwenye mabenchi ya Mwamvita, akaagiza wali maharage, akasema mbele ya kila mtu: "Kuna salamu za Dorkas. Linus kasema meli yao safari hii inalala tu Mombasa. Kwa hiyo asimtegemee."

Mwamvita alikuwa anapakua. Hakuacha kupakua. "Haya," akasema. "Linapolala gari ndipo dereva ana nyumba."

Benchi zima likacheka. Hebu nielezeni: ningefanya nini na kicheko kile? Sisi ni watu wa barabarani. Tuliwajua madereva wote wanaolaza malori yao Same, na tulijua kila lori linalala kwa nani. Dereva akikwambia gari linalala Korogwe, ujue Korogwe kuna mwanamke anayepika, na kuna watoto. Hiyo kwetu haikuwa methali, ilikuwa taarifa.

Bado sikuamini. Nilimwambia mama naenda Taveta kwenye mitumba, nikapitiliza mpaka Mombasa na wanawake wafanyabiashara. Nikasimama nje ya geti la bandari mchana mpaka taa zikawaka. Meli niliiona. Iliniumiza kwa uzuri wake. Magari ya kabichi yaliingia, magari ya barafu yaliingia, watu wenye makaratasi waliingia na kutoka. Linus hakutoka. Meli imelala, nikajiambia, na yeye amekwenda kulala kwake. Nikageuka na safari yangu, na nilipomwona Hezroni nikamwambia: "Mpe salamu. Mwambie nawasalimu wote nyumbani kwake."

Tangu hapo kimya. Meli ikaenda bahari za mbali, mwaka ukaisha, mwingine ukaanza. Akaja Fredrick, karani wa ushirika, mwenye pikipiki na sauti ya upole. Wazee wake walikuwa waje Jumapili kuleta posa, na ndiyo maana nilikuwa nasukwa. Fredrick alikuwa mtu mzuri. Hilo ndilo lililokuwa linanitesa. Mtu mbaya ningemkataa tu nikapumzika.

Sasa rudini nami dirishani.

"Wewe ndiye uliyesema," mama alikuwa anamwambia Mwamvita. "Kwa mdomo wako. Gari linapolala."

"Nilisema ya malori, Mama Eli. Meli nimeijulia wapi? Kwetu Handeni hata mto tunauona kwa msimu."

"Ulisema mbele za watu."

"Na leo nayameza mbele za watu, hawa hapa na vigoda vyao. Umri huu nimeyasema mangapi? Mtu akiokota neno langu kwenye maharage akalipeleka kanisani, kosa langu?"

"La nani?"

Mwamvita akageuza mwiko, akautazama kama ndio wenye jibu. "Basi langu," akasema. "Nusu. Hiyo nusu nyingine ni ya Hezroni, hajui kufikisha salamu nzima. Mwache kijana aseme."

"Aseme nini? Jumapili nina wageni."

"Ndiyo maana aseme leo. Leo ni Ijumaa."

Hapo Linus akainuka. Alisogea mpaka kwenye minyaa, akasimama mbali kidogo ili utomvu usiguse shati, tabia ya dobi. "Shikamoo, mama."

Mama yangu alikuwa anaweza kukataa mambo mengi, lakini shikamoo haikataliwi. Aliitafuna kwanza.

"Marahaba. Hiyo ni adabu tu. Usiifanye daraja."

"Sitaifanya, mama."

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimeshuka kwenye meli. Nimekuja kumwona Dorkas. Kama ameolewa nitamsalimia mumewe, nitaondoka na basi la kesho."

"Hajaolewa," Mwamvita akasema.

"Mwamvita, umeulizwa?"

"Nimesaidia tu."

Sikumbuki nilitokaje. Ernesta anasema nilipita juu ya mguu wake nikamkanyaga kidole na sikuomba radhi mpaka leo. Nilijikuta uani, kitana kichwani, nywele nusu zimelala nusu zimesimama, miguu mitupu. Linus aliniona. Nimepigwa picha nyingi maishani tangu siku hiyo, na nguo nzuri nimezivaa, lakini sijawahi kutazamwa tena kama nilivyotazamwa nikiwa na ile nusu ya kichwa. Nilitaka kulia na nilitaka kumrushia kitu. Karibu yangu palikuwa na ndoo tu.

"Nyumbani hawajambo?" nikamwuliza.

"Nyumbani wapi?"

"Kwako. Mombasa."

"Dorkas, na mimi nilitaka kukuuliza hilo. Hezroni aliniambia unawasalimu wote nyumbani kwangu. Nilikaa na hiyo salamu mwaka mzima. Mimi nalala kitanda cha juu, chini yangu analala Mfilipino, anakoroma. Nikampa yeye salamu. Alishukuru."

Mtu mmoja kwenye kigoda alicheka. Mama akamtazama, akaacha.

"Usinichekeshe," nikasema. "Nilikuja Mombasa. Nilisimama getini. Meli ililala pale na wewe hukutoka. Gari likilala, watu wake wanapumzika. Ulikuwa umepumzika wapi?"

Linus alishika nguzo ya ua. "Mwamvita ameniambia hilo leo mchana. Kwamba ulikuja, aliambiwa na wanawake mliosafiri nao. Sikujua. Wali wake ulinishinda kumeza, muulize." Akavuta pumzi. "Dorkas, meli ikilala, walio ndani ndio hawalali. Ni usiku huo tu katika safari nzima ambao hakuna anayelala."

"Maneno hayo," mama akasema. "Basi likifika hapo stendi, watu wanashuka, wengine wanapanda, linaondoka. Hata chai ya dereva haipoi. Hiyo meli yako ina nini cha ajabu?"

"Nikueleze, mama?"

"Umeshasimama. Eleza."

"Basi, abiria ndiye anayelingoja. Meli ile ndiyo inayomngoja abiria. Wazungu wake wanakuja kwa ndege. Wa zamani wanashuka asubuhi, wanapelekwa kuona tembo Tsavo, wanarudi kwao. Wapya ndege yao inafika jioni, au inafika kesho, au imekwama huko Ulaya kwa ajili ya theluji. Meli ikiondoka jioni ileile, itawaacha chini watu ambao wamelipia kidogo kidogo mwaka mzima. Kwa hiyo inangoja mpaka asubuhi. Wanaowahi kufika wanalala humo humo, wapoe na uchovu wa ndege kabla bahari haijaanza kuwatikisa."

"Wanaolala ni wao, basi," Mwamvita akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Si ndiyo naeleza, dada. Huo muda wa kungoja ndiyo nafasi pekee ya kuifanyia meli kazi. Mashine huwezi kuifungua katikati ya bahari, kwa hiyo mafundi wanaifungua usiku ule. Mafuta yanaingia, maji ya kunywa yanaingia. Nyama, mayai, kabichi..."

"Kabichi niliziona," nikasema, na nikajichukia kwa kujibu.

"Uliziona zinaingia? Basi hizo." Aliniangalia kidogo, kisha akarudi kwa mama haraka, kama mtu aliyeshika pasi mahali pa moto. "Bwana afya anakuja kukagua jiko na kutafuta panya. Boti za kuokolea zinateremshwa majini zipandishwe tena, wajue kamba ni nzima. Mabaharia wanaomaliza mkataba wanashuka, wapya wanapanda, hawajui hata choo kiko wapi. Na vitanda vyote, mama. Kila kitanda cha meli nzima kinavuliwa siku moja. Mashuka, foronya, taulo, vitambaa vya meza, mapazia ya waliotapika. Yote yanatupwa chini kwa madobi, na asubuhi yanatakiwa juu yakiwa yamenyooka, maana mgeni mpya hatakiwi kujua kama kuna mtu alilala pale kabla yake. Bandari nyingine wanatupa ruhusa ya kushuka kwa zamu. Mombasa, meli inapolala, dobi hana zamu. Ndiyo maana nikamwambia Hezroni: meli haifungi tena kwa matengenezo kama nilivyosema, inalala tu usiku mmoja, kwa hiyo Dorkas asinitegemee kuja kujitambulisha. Nilidhani nimesema vizuri."

"Hukusema vizuri," nikasema.

"Sasa najua."

"Taa zilikuwa zinawaka madirisha yote. Nilihesabu dirisha moja baada ya jingine, nikisema labda lile. Ungechungulia tu."

"Chumba cha kufulia kiko chini ya usawa wa maji, Dorkas. Hakina dirisha."

Muda huo wote nilikuwa nimemchora Mombasa, kwenye nyumba ya udongo yenye mapazia, na mwanamke mwenye hina. Sikuwahi kumchora chini ya maji, kwenye mvuke, mimi nikiwa juu ya ardhi nimesimama getini na njaa yangu.

"Ungejua kama nipo," nikauliza, "ungetoka?"

Alichelewa kujibu, na kule kuchelewa nikakupenda, maana mwongo angewahi.

"Wangenifukuza. Ningetoka, halafu leo ningekuja hapa mikono mitupu."

"Ungekuja lakini."

"Ningekuja."

"Basi."

Mwamvita akajifuta jicho kwa kona ya kanga, akasema ni moshi.

Mama alikuwa hajasogea. Nilimjua. Mama yangu akifikiri, midomo yake huongea Kipare peke yake bila sauti. Alikuwa anamtazama Linus mikono, na mimi nikafuata macho yake. Vidole vilikuwa vimepauka na kukunjamana kama vya mtu aliyetoka mtoni sasa hivi, ila havikuwa na maji. Ilikuwa dawa ya kufulia, imemla ngozi mpaka kwenye viganja. Mkono wa mtu anayelala haukai hivyo.

"Hebu nielewe," mama akasema polepole. "Hiyo siku wanapuliza kitu? Kengele? Honi?"

"Kengele, mama. Meli nzima inasikia."

"Na kila mtu anatoka? Hata mkubwa?"

"Hata mpiga muziki anabeba maboksi."

"Na anayetoroka?"

"Anashushwa. Hapandi tena."

Mama akafungua kibwebwe chake, akakifunga upya, taratibu. "Msaragambo," akasema.

Linus hakulielewa neno. Alikua kwenye mkonge, na mambo ya mlimani alikuwa hana.

"Watu hawa wanasema meli inalala," mama akawageukia wenye vigoda, kana kwamba wao ndio waliokuwa wanabisha. "Si kulala huko. Ni msaragambo. Kwetu Mbaga baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu. Kuchimba barabara, kuzibua ndiva, lile bwawa letu, maji ya shamba yapite, chochote. Huna mgonjwa, huna mgeni, huna mchumba. Usipokwenda wanakuja kwako wanachukua jembe, au mbuzi, na huulizi. Mtu wa msaragambo haulizwi alikuwa wapi."

Halafu akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia, mimi mtoto wake.

"Baba yenu Melkizedeki aliposema atakuja kwetu kunichumbia, baragumu lilimkuta njiani na wazee wake. Ndiva ilikuwa imepasuka. Sisi tumepika, tumefagia, shangazi zangu wamejazana, jua linazama hatumwoni. Shangazi mmoja akasema amepata mwingine huko bondeni. Baba yangu akamwuliza: leo baragumu limelia au halikulia? Akasema limelia. Baba akasema, basi funikeni chakula. Marehemu baba yenu alifika kesho yake asubuhi, tope mpaka kwenye nyusi, na hakuna aliyemwuliza neno."

Upepo wa Same, ule wa alasiri, ulipita na vumbi lake, na hakuna aliyefunika uso. Nilimtazama mama yangu na kwa mara ya kwanza nikamwona msichana mlangoni, anachungulia njia, shangazi zake wanasema maneno nyuma yake.

"Huyu bado ni mtoto wa manamba," akasema, lakini alilisema kwa Mwamvita, tena kwa sauti ya mtu anayejadili bei ya mwisho.

"Na wewe bado una ulimi mkali," Mwamvita akajibu, "na tunaishi nao."

"Na Jumapili nitawaambia nini watu wa Fredrick? Watu wameshaazima viti."

Watu wote wakanitazama mimi. Kwenye vile vigoda, kwenye dirisha alikokuwa Ernesta na kidole chake, kwenye minyaa. Linus peke yake alitazama chini. Hakutaka kuniomba. Mpaka leo namshukuru kwa hilo.

"Waambie ukweli, mama," nikasema. "Waambie kuna mtu aliyetangulia, akachelewa kazini."

"Wataniuliza kazi gani inayomchelewesha mtu mwaka na zaidi."

"Utawaambia msaragambo. Wao ni watu wa Mbaga, wataelewa."

"Na Fredrick?"

"Nitamwambia mwenyewe. Kesho, kabla hajasikia kwa Mwamvita."

"Atasikia kwangu leo hii," Mwamvita akasema, "kama hamharakishi."

Mama alikaribia kutabasamu, akajizuia. Akaufungua ule upenyo wa ua wanakopitia kuku na chumvi, akalisukuma tawi la minyaa kwa kijiti. Linus akapita kwa ubavu, mkono mmoja ameinua kola. Akasimama upande wetu. Alikuwa hajawahi kusimama upande wetu. Tulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya shati lake, jua na pasi, na yeye bila shaka alisikia mafuta ya nazi ya Ernesta kichwani mwangu. Hakunigusa, na mimi sikumgusa. Mbele ya mama na mtaa ungegusa nini? Alinisogezea tu kitana kilichokuwa kinaning'inia, kwa ncha ya kidole kile kilichopauka, kisinichome shavu.

"Umesimama mstari wa mbele," akasema chini kwa chini.

"Uliniona dirisha gani, siku zile?"

"La pembeni ya mnara. Nilipanda juu ya tofali. Mlinzi alikuwa ananitoza sigara."

"Nasikia," mama akasema. "Mimi si kiziwi. Mengine mtaongea wazee wakishasema." Akakung'uta mikono. Linus alikuwa amegeuka kuelekea barazani, kwenye lile benchi ambapo Fredrick hukaa akija, huletewa soda na mrija wake, huinywa kwa adabu, huaga. Alitaka kukaa pale.

"Wewe," mama akamwita. "Unakwenda wapi huko?"

"Kukaa, mama."

"Hapo wanakaa wageni. Kuna makande ndani, ya tangu mchana, na maziwa. Ernesta, ondoa hayo mafuta ya nywele mezani. Mwamvita, na wewe funika huo wali wako uje, usije ukasema huko stendi kwamba sikukuita." Akashika mlango, akausukuma mpaka mwisho, wa mbele, ule wenye kufuli. "Haya, Linus. Ingia ule."